Laptopu inaimba CD ya kwaya ila DVD ya harusi inagoma, nibadilishe draivu?

SWALI: Habari fundi, shikamoo kama umenizidi. Mi niko Nkuhungu hapa Dodoma, nina laptopu ya mtumba ina Windows 10. Nina DVD ya harusi ya mdogo wangu ya 2014, mama kaja toka Mpwapwa anataka kuiangalia, nikiiweka inazunguka inaunguruma kidogo af kimya, hakuna picha. Ila CD ya kwaya inaimba vizuri tu. Fundi mmoja mjini kasema draivu (kile kifaa kinachosoma diski) imekufa, nitoe elfu hamsini aweke nyingine. Nimpe?

JIBU: Marahaba dada yangu. Hiyo elfu hamsini iache kwenye pochi kwanza. Windows 10 ilivyotoka 2015 haikuja na programu ya kuchezea muvi za DVD, Windows 7 nyingi zilikuwa nayo ndo maana watu wakihamia 10 wanadhani draivu imekufa, kumbe kilichokosekana ni programu tu.

Sasa fanya hivi, weka hiyo DVD, subiri kama dakika moja, nenda pale unapoonaga fleshi ukichomeka, bonyeza alama ya DVD kwa kitufe cha kulia cha mausi uchague Open. Ukiona folda imeandikwa VIDEO_TS basi shangilia, draivu inasoma. Weka VLC, programu ya kuchezea video, ni ya bure, ipakue kwenye tovuti yao wenyewe ya VideoLAN, mama ataangalia harusi leo leo. Na kabla hamjakaa kuangalia, kopi hiyo folda nzima kwenye laptopu na kwenye fleshi ya GB 8, DVD ya kawaida haizidi GB 4.7 kwa hiyo inatosha. Nakusisitiza hapa kwa sababu DVD za kuchoma kwenye kompyuta, kama hiyo ya harusi, zina rangi ndani yake inayofifia kwa joto na jua, na harusi ya 2014 hairudiwi.

Usipoona kitu, hapo tuhamie kwenye jicho, yaani kile kikioo cha draivu kinachosoma diski. Na isikudanganye ile CD ya kwaya, manake CD inasomwa na leza moja na DVD inasomwa na nyingine, moja inaweza kuchoka nyingine ikabaki nzima, tena DVD maandishi yake ni madogo zaidi kwa hiyo vumbi kidogo tu linaizuia wakati CD bado inapita. Na vumbi la Dodoma tunalijua wote, kiangazi hiki upepo ukivuma unafunga madirisha na bado meza unaichora kwa kidole.

Zima laptopu, toa chaja, fungua trei (ikigoma kufunguka laptopu ikiwa imezimwa, kuna kitundu kidogo kwa mbele, ingiza pini ya karatasi uliyoinyoosha, sukuma taratibu). Kwenye laptopu jicho linatoka pamoja na trei, utaliona ni kakioo kadogo kama punje ya dengu. Chukua pamba ya masikio, iguse kwenye spiriti tone moja tu, pitisha pale juu kama unamfuta mtoto mchanga jicho, usikandamize manake kako kwenye vinyuzi vyembamba sana, na usipulize kwa mdomo, mate yanaganda. Acha ikauke. Diski nayo ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe, mkwaruzo wa kuzunguka unafuata mstari wa picha na ndo unaoua. Ukiirudisha ibonyeze katikati mpaka isikike tak, laptopu nyingi zinagoma kwa sababu diski haijakaa tu.

Kitu kingine kwa wenye DVD za dukani, hizo zinafungwa zichezwe kwenye kanda fulani ya dunia tu, Tanzania tuko kanda ya 5, muvi ya Marekani ni kanda ya 1. Laptopu ikikuuliza kama ubadili kanda usibonyeze bonyeza ovyo, unaruhusiwa mara 5 tu halafu inajifunga hapo hapo. Ya harusi haina mambo hayo.

Ukishasafisha jaribu DVD nyingine ya kuazima kwa jirani. Zote zikigoma, hapo draivu kweli imechoka, na hata hivyo mi ningekushauri ununue ya nje ya kuchomeka USB, maana hata laptopu ikifa unahama nayo. Nenda dukani na laptopu yako na hiyo hiyo DVD ya harusi, wachomeke uone bibi harusi anatembea ndo utoe hela.