Maswali yenu: nimpeleke binti kazini?

Likizo imekaribia, na wasomaji kadhaa wameuliza namna ya kuwaonyesha mabinti zao kazi za watu wazima. Nimechagua maswali matano.

Mimi ni muuguzi, Morogoro. Binti yangu ana miaka 10 na anatamani kuona ninakofanya kazi. Naogopa.

Mama, una haki ya kuogopa. Wodini hapana: kuna maambukizi, na mgonjwa hakukubali hali yake itazamwe na mtoto wa mtu. Lakini hospitali si wodi peke yake. Omba ruhusa kwa mganga mfawidhi, kisha mpitishe mapokezi, stoo ya dawa, masjala, hata kwa fundi wa vifaa tiba. Huyo wa mwisho watoto hawamjui kabisa. Kwao hospitali ni daktari na nesi, basi. Mwache aulize mwenyewe, pamoja na habari za mshahara (jiandaeni!). Jioni usimbane kwa "utakuwa nani?" Muulize ni nani aliyemwona na kazi ngumu kuliko wote, na kwa nini. Ukipata nafasi msimulie habari za Profesa Esther Mwaikambo, mwanamke wa kwanza Mtanzania kuwa daktari. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha madaktari wanawake, MEWATA, mwaka 1987.

Niko kidato cha pili, Tabora. Nataka kuwa injinia wa reli, lakini Fizikia napata D na rafiki zangu wote wanakimbilia sanaa.

Mdogo wangu, Fizikia usiiache. D inapandishwa, somo uliloliacha halipandi. Bila Fizikia huwezi kusoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) kidato cha tano, na vyuo kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) au Chuo cha Ufundi Arusha navyo huiangalia kwa stashahada nyingi za uhandisi. Halafu wewe uko Tabora, njia panda ya Reli ya Kati, moja ikienda Kigoma na nyingine Mwanza! Mwombe mwalimu wa taaluma aandike barua kwa mkuu wa stesheni, mwende wachache mkaone kazi inavyofanyika. Kila fundi mtakayemkuta, muulizeni alisoma nini na wapi alikwama. Majibu ya swali la pili ndiyo yatakayokufaa zaidi.

Nina gereji Mwanza. Binti yangu wa miaka 13 hatoki hapa akifunga shule. Ndugu wananicheka, eti namharibu.

Baba, wacheke tu. Ila kuangalia na kuajiriwa ni vitu viwili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14, na kazi za hatari zinakatazwa hadi afikishe 18. Basi asiingie chini ya gari lililo kwenye jeki, wala asishike tindikali ya betri. Akae na kitabu cha mapato, ajifunze majina ya vipuri, asikilize unavyopatana bei na mteja. Akimaliza shule, vyuo vya ufundi stadi vya VETA vipo.

Kampuni yetu inataka kualika wasichana wa shule jirani. Tuandae nini?

Punguzeni hotuba, soda na picha za pamoja. Ujerumani wana siku ya namna hii tangu 2001, na wasichana hupelekwa hasa kwenye fani zenye wanawake wachache: karakana, maabara, kompyuta. Igeni hilo. Wasichana wawili kwa mfanyakazi mmoja, wapewe jambo dogo la kufanya kwa mikono yao. Nauli lipeni ninyi. Pateni ridhaa ya wazazi kwa maandishi, mwalimu wa kike awepo, na msichana asiachwe peke yake na mtu ofisini mlango ukiwa umefungwa. Hili la mwisho halina mjadala, hata kama mtu huyo ni mkurugenzi.

Na wavulana je?

Waje pia. Marekani siku yao ya kupeleka watoto kazini ilianza na mabinti mwaka 1993, wavulana wakaongezwa rasmi 2003. Mimi ningewapeleka kwa wauguzi na walimu wa chekechea.