Kabla Hujachoma Lasix, Funua Shuka

Saa tisa usiku unapita kitanda hadi kitanda, unainama kwenye mfuko wa mkojo, na unakuta namba ni ileile uliyoandika saa nane. Mkono unaenda kwenye simu. "Dokta, mgonjwa hakojoi, tumpe Lasix?" Lasix ni jina la biashara la furosemidi, dawa ya kukojosha. Mimi ni muuguzi wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, na nimepiga simu hiyo mara nyingi sana. Siku hizi, kabla sijaipiga, nafanya mambo mawili.

La kwanza, nafunua shuka. Naufuata mpira wa mkojo kwa mkono, kutoka kwenye mfuko mpaka unapoingia mwilini. Kuna mzee tuliyempokea na kiharusi ambaye mkojo wake ulikatika ghafla, sifuri kabisa. Alikuwa ameshachomwa dozi mbili za Lasix nilipomgusa chini ya kitovu: pamejaa, pagumu kama ngoma. Tulipomgeuza usiku, mpira ulijikunja ukalaliwa na paja. Niliponyoosha tu, mkojo ukashuka karibu mililita 900. Figo zilikuwa zinafanya kazi muda wote, na dawa ilikuwa inamwongezea maumivu ambayo hakuweza kuyasema. Basi, mkojo ukikatika ghafla, shuku mpira. Kama umezibwa na damu iliyoganda, usafishe kwa salini, yaani maji safi ya chumvi, ukishindikana ubadilishe.

La pili ni gumu zaidi, na hapa ndipo nilipokosea vibaya. Mama mmoja alitoka kupasuliwa tumbo, utumbo ulikuwa umetoboka. Kilo 60 hivi. Mtu wa uzito huo tunategemea atoe angalau mililita 30 kwa saa, yaani nusu mililita kwa kila kilo. Yeye alitoa 15. Presha 95/60, mapigo 120, midomo imekauka hadi ngozi inabanduka. Vyote niliviandika kwenye chati kwa mkono wangu, lakini macho yangu yalikuwa kwenye mfuko tu. Nikaomba Lasix, nikaruhusiwa miligramu 40. Ndani ya nusu saa tukapata mililita 250, na nilifurahi kweli. Saa kumi na moja alfajiri presha ilikuwa 70/40.

Figo zake zilikuwa zinabana maji makusudi kwa sababu mwili ulikuwa umekaukiwa. Nami nikaenda kumnyang'anya kile kidogo alichobaki nacho. Tulimrudishia maji ya dripu, akawekwa noradrenalini ya kupandisha presha, akapona. Lakini kreatinini yake, taka ya kwenye damu inayopanda figo zikishindwa kazi, ilipanda siku 3 mfululizo, na kila asubuhi nilikuwa wa kwanza kuulizia majibu ya maabara.

Ninachotaka muuguzi mwenzangu akielewe ni hiki: furosemidi inazuia figo kurudisha chumvi mwilini, na chumvi ikitoka maji yanaifuata. Kazi yake inaishia hapo. Figo iliyoumia haiponi kwa sababu mfuko umejaa. Mwongozo wa mwaka 2012 wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya magonjwa ya figo, unashauri dawa za kukojosha kama hii zisitumike kutibu figo iliyoumia ghafla, isipokuwa pale maji yanapokuwa yamezidi mwilini.

Na yakizidi, mpe bila woga. Yule aliyevimba miguu na mgongo, mapafu yanakoroma, oksijeni inaongezwa kila zamu, hesabu ya maji aliyopewa imepita aliyotoa kwa lita 4 au 5, huyo Lasix ni dawa yake hasa. Dozi kubwa usiisukume kwa mkupuo: isizidi miligramu 4 kwa dakika, kwa hiyo 80 ichukue dakika 20. Ukikimbiza unaweza kumuumiza masikio, hasa kama anatumia pia antibiotiki ya gentamaisini. Fuatilia potasiamu, maana inatoka na mkojo, na ikishuka moyo unaanza kuruka mapigo.

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda kwa sababu hakihitaji mashine. Mgonjwa ambaye daktari ameridhika kwamba hajakaukiwa maji anapewa furosemidi miligramu 1 kwa kila kilo, au 1.5 kama alikuwa anaitumia siku za karibuni. Kisha unapima mkojo kwa saa 2. Usipofika mililita 200, kuna uwezekano mkubwa figo zitazidi kuharibika. Hapo usiombe dozi nyingine na nyingine mpaka kupambazuke, kama tulivyokuwa tunafanya zamani. Mwambie daktari namba uliyoipata, muulizie kuhusu kusafisha damu, na kama mashine iko hospitali nyingine, mipango ya rufaa ianze usiku huohuo, ndugu waitwe waelezwe, damu ya vipimo itolewe kabla gari halijafika.