Kutafuta skrini ya kawaida badala ya runinga janja: niliyoyapitia hapa Mombasa

Assalaam aleikum ndugu zangu.

Ndugu aliyeuliza ameeleza kwamba amezunguka maduka ya Digo Road na Moi Avenue akimtafutia mamake runinga ya kawaida, na kila anapoingia huelekezwa kwenye runinga janja, yaani zile zenye programu za intaneti ndani yake. Anataka kujua kama bado kuna kifaa kinachoonyesha picha tu, bila akaunti, bila Wai-Fai na bila maswali, na pia afanye nini na runinga janja ambayo tayari iko nyumbani kwake. Kifaa hicho kipo, na kwetu Mombasa kukipata ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Nimejaribu njia kadhaa kwa pesa zangu mwenyewe, na nitaeleza kwa kirefu zile nilizozijua vizuri.

Mwaka 2020 nilimnunulia mamangu, anayeishi Kibokoni, runinga janja ya inchi 43. Mwaka wa kwanza ulipita salama. Baadaye programu zake zikaanza kujisasisha zenyewe, ukurasa wa mwanzo ukajaa matangazo ya filamu, na kuiwasha tu kukawa kunachukua muda wa kutosha kuchemsha chai. Mamangu hutazama vitu vitatu pekee: taarifa ya habari ya saa moja jioni, mawaidha, na video za harusi za jamaa zilizo kwenye flashi. Rimoti ya runinga ile ilikuwa na vitufe vinne vikubwa vya huduma za filamu, chini kidogo ya kitufe cha sauti, na kila kidole chake kilipoteleza, chaneli iliondoka na skrini ikadai akaunti ambayo hakuwahi kuwa nayo. Nilivibandika karatasi ya gundi, lakini kwa joto letu na jasho la mkono gundi ilidumu siku nne.

Jioni moja ya Ramadhani nilifika kwake baada ya futari nikamkuta ameketi mbele ya ukurasa mrefu wa Kiingereza, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, rimoti ameishika kwa mikono miwili. Yalikuwa masharti mapya ya matumizi, na bila kuyakubali runinga haikutaka kuendelea. Akaniambia, "Mwanangu, kitu hiki chataka nini tena leo?" Taarifa ya habari ilikuwa imekwisha. Nilisoma masharti yale nikiwa nimesimama, na nilipofika sehemu inayosema kwamba runinga itatambua vipindi vinavyotazamwa ili kuboresha matangazo, niliona kwamba sina haki ya kumkubalia mzazi wangu jambo hilo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa itolewe kwa hiari na kwa kuelewa. Mimi siamini kwamba ridhaa inayodaiwa kwa mama mzee ili apate kutazama habari inaweza kuitwa ridhaa.

Jinsi utambuzi huo unavyofanya kazi ni muhimu kuelewa, kwa sababu mwenzetu mmoja amejibu hapo juu kwamba inatosha kuunganisha king'amuzi au kompyuta kwa waya wa HDMI na kuachana na programu za runinga. Jibu hilo lina upungufu. Runinga huchukua vipande vidogo vya picha au sauti inayopita kwenye skrini, huvigeuza kuwa alama fupi mfano wa alama za vidole, kisha huzituma kwa mitambo ya kampuni ili zilinganishwe na hazina ya vipindi vinavyojulikana. Haijali picha imetoka wapi. Watafiti wa vyuo vikuu vya Uingereza, Uhispania na Marekani walipima mawasiliano ya runinga za Samsung na LG na kuchapisha matokeo yao mwaka 2024: utambuzi uliendelea hata runinga ilipotumiwa kama skrini tu ya kifaa kingine kupitia HDMI, na ulikoma mtumiaji alipoukataa kwenye mipangilio. Kabla ya hapo, Februari 2017, kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya kushtakiwa kwa kukusanya habari za utazamaji kutoka runinga milioni 11 bila ridhaa ya wenyewe. Kwa hivyo king'amuzi chako hakikukingi ikiwa runinga yenyewe bado imeunganishwa na intaneti. Kinachokata mambo ni kuinyima mtandao.

Tatizo la pili ni umri. Skrini nzuri inaweza kukaa miaka kumi, lakini programu zilizomo ndani yake huachwa mapema sana. YouTube iliacha kufanya kazi mwaka 2015 kwenye vifaa vingi vilivyotengenezwa mwaka 2012 au kabla yake, na Desemba 2019 Netflix ikaacha kufanya kazi kwenye baadhi ya runinga za zamani za Samsung. Mwenye runinga hakufanya kosa lolote, na skrini yake bado ilikuwa nzima. Ndiyo maana nashikilia kwamba skrini na akili yake vinunuliwe mbalimbali, kila kimoja kibadilishwe siku yake ikifika.

Sasa nije kwenye njia zenyewe. Ya kwanza ndiyo iliyo karibu zaidi nasi, nayo ni kuuliza dukani kwa jina sahihi. Ukisema unataka runinga ya kawaida, muuzaji hakuelewi. Sema unataka "dijitali", si "smati". Wafanyabiashara wetu huita dijitali ile runinga yenye kipokezi cha DVB-T2 ndani yake, mfumo wa matangazo ya dijitali uliobaki baada ya matangazo ya analogi kuzimwa nchini mwaka 2015, na isiyo na programu za intaneti. Unachomeka antena, unatafuta chaneli, basi. Inchi 24 na 32 bado zinapatikana kwa wingi, lakini ukipita inchi 43 utachoka kutafuta. Usiliamini boksi peke yake: geuza runinga uangalie nyuma kama kuna tundu la waya wa mtandao, kisha fungua mipangilio uangalie kama kuna sehemu ya Wai-Fai. Kama havipo vyote viwili, umepata unachotafuta. Kasoro yake ni kwamba nyingi za inchi 32 zina vitone 1366 kwa 768 tu na spika zake ni dhaifu, jambo ambalo mzazi mwenye masikio mazito atalalamikia siku ya kwanza.

Njia ya pili ndiyo niliyoichagua kwa mamangu, nayo ni monita ya kompyuta pamoja na king'amuzi cha chaneli za bure. Nilinunua monita iliyotumika, ya inchi 27, kwa fundi wa Mwembe Tayari anayeuza kompyuta zitokazo ng'ambo. Monita haina kipokezi, haina rimoti, na nyingi hazina spika, na watu husikia hayo wakakata tamaa. Mimi nimeona kwamba huko kukosa ndiko faida yenyewe, mradi uunganishe sawasawa. Picha hupita kwenye HDMI. Sauti niliitoa kwenye matundu mekundu na meupe ya king'amuzi moja kwa moja hadi kwenye spika ndogo yenye kikuza sauti, hivyo rimoti ya king'amuzi inabadilisha chaneli na pia inapandisha na kushusha sauti. Mamangu anapokizima king'amuzi, monita hukosa ishara na baada ya sekunde chache hulala yenyewe. Anapokiwasha, huamka na chaneli ile ile aliyoiacha. Rimoti ni moja, na kitufe anachokihitaji asubuhi na jioni ni kile chekundu cha juu. Flashi ya harusi huchomekwa kwenye king'amuzi chenyewe.

Kuna mambo manne yaliyonisumbua nisingependa yakusumbue. Ving'amuzi vingi huja vimewekwa kutoa picha ya mtindo wa 1080i kwa mapigo 50 kwa sekunde, na baadhi ya monita hazikubali, zinaonyesha weusi mtupu au maandishi ya kwamba ishara haifai. Kabla ya kurudisha monita dukani, chomeka king'amuzi kwenye runinga yoyote, ingia mipangilio ya picha, weka 720p au 1080p, na ukiona chaguo la mapigo 60 lichukue. Pili, monita za zamani zenye matundu ya VGA au DVI peke yake, bila la HDMI, ziache, kwa sababu vigeuzi huongeza gharama na baadhi ya ving'amuzi hukataa kuonyesha picha kwenye skrini isiyo na HDCP, ule ulinzi wa kuzuia picha isinakiliwe. Tatu, kama monita inatumia adapta ya nje, usiichukue bila adapta yake halisi, kisha iwekee kinga ya umeme, kwani stima yetu hupanda na kushuka na adapta ndiyo hufa kwanza. Nne ni umbali: inchi 24 kwa mtu aliyeketi mita mbili na nusu ni ndogo, maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari hayasomeki. Inchi 27 zatosha, 32 ni bora.

Njia ya tatu ni ya kwetu hasa, watu wa pwani. Hoteli za ufuoni zinapokarabati vyumba huuza runinga zake za zamani kwa mafungu, na shemeji yangu wa Bamburi alijipatia moja ya inchi 40 kwa namna hiyo. Runinga za hoteli hutengenezwa imara na zile za miaka ya nyuma hazina programu zozote. Lakini huja zikiwa zimefungwa kwa hali ya hoteli: sauti yake ilikuwa haipandi kupita 25, ilikuwa ikiwashwa inarudi kwenye chaneli namba moja hata kama haina kitu, na orodha ya mipangilio ilikuwa haifunguki. Kuifungua kunahitaji mfuatano wa vitufe unaotofautiana kwa kila aina, na mara nyingine rimoti ya fundi. Mwambie muuzaji aifungue mbele yako kabla hujatoa pesa. Kisha washa tochi ya simu uchungulie ndani ya matundu ya HDMI na antena. Ukiona unga wa kijani kwenye shaba, hiyo ni kutu iletwayo na chumvi ya bahari, nayo chumvi ikiwa imefika kwenye matundu huenda imefika pia kwenye ubao wa ndani. Shemeji aliipuuza dalili hiyo, na tundu moja kati ya mawili lilikufa kabla mwaka haujaisha.

Wengine wamependekeza projekta. Kwa sebule zetu zenye madirisha wazi na mwanga mwingi siioni ikifaa mchana, na mzazi hatafunga mapazia kwa joto hili. Skrini za matangazo zinazotumika madukani na benki ni imara kweli, baadhi zimetengenezwa ziwake saa 24, ila bei yake ni kubwa na nyingi za sasa zina mfumo wake wa programu ndani, kwa hivyo usidhani kwamba jina la kibiashara linakuepusha na ujanja ule ule.

Imebaki runinga janja uliyo nayo. Usiitupe wala usiiuze kwa hasara. Ingia mipangilio uirudishe katika hali ya kiwandani, na inapoanza upya chagua matumizi ya nyumbani badala ya maonyesho ya duka. Inapoomba Wai-Fai, ruka hatua hiyo. Zenye Google TV hukupa chaguo la kuitumia kama runinga ya msingi, lichukue. Masharti ya utambuzi wa vipindi na matangazo yakatae moja moja, usibonyeze kile kitufe cha kukubali yote kwa pamoja. Kisha tafuta sehemu inayoamua runinga ianze wapi inapowashwa, uiweke ianzie kwenye HDMI yenye king'amuzi. Katika baadhi ya runinga imefichwa chini ya mipangilio ya jumla, kwa hivyo tafuta kwa subira. Kama kijana wa nyumbani aliwahi kuiunganisha na ruta, badilisha nenosiri la Wai-Fai au izuie kwenye ruta yenyewe. Ile ya inchi 43 iliyotoka kwa mamangu iko kwangu Tudor katika hali hiyo tangu 2022, imeunganishwa na kompyuta ndogo niliyoiwekea programu ya kuchezea video iitwayo Kodi, na kompyuta hiyo ndiyo pekee yenye mtandao. Ukikwama kwenye hatua yoyote andika aina na namba ya runinga yako hapa, nami nitakueleza mipangilio inapopatikana.