Kufundisha jiolojia kwa maji ya Mlima Meru: ushauri kwa walimu wapya wa Jiografia

Walimu wenzangu mnaoanza kazi katika shule zinazozunguka Mlima Meru, mkoani Arusha, mtakuta kwamba muhtasari wa somo unataja volkano, Bonde la Ufa na maji ya ardhini kama mada zinazojitegemea, na wanafunzi huzikariri hivyo kwa ajili ya mtihani. Ninawashauri mzifundishe kwa pamoja kupitia floraidi iliyomo katika maji wanayokunywa, yaani kemikali ya asili kutoka kwenye miamba ambayo ikizidi hutia meno madoa na kudhuru mifupa, kwa sababu hakuna jambo linaloeleza vizuri zaidi jinsi mwamba unavyoingia katika maisha ya watu, na jinsi madhara yake yasivyowafikia wote kwa kiasi kilekile.

Anzeni na mwamba, msianze na meno. Katika darasa lolote la Arumeru, eneo linalouzunguka mlima huu, watakuwapo watoto wenye madoa ya kahawia kwenye meno, na mwalimu anayefungua somo kwa kuyataja huwageuza wanafunzi wake kuwa vielelezo mbele ya wenzao. Elezeni kwanza kwamba volkano za ukanda huu zilitoa lava na majivu yenye sodiamu na floraidi nyingi, na kwamba maji ya mvua yanapopenya kwenye miamba hiyo huyeyusha madini kidogo kidogo. Hapa msiharakishe, kwani ndipo penye kiini cha somo. Penye kalisi ya kutosha, floraidi hushikana nayo na kutuama kama madini magumu, lakini maji ya Meru yana sodiamu nyingi na kalisi kidogo, kwa hiyo floraidi hubaki imeyeyuka humo. Kadiri maji yanavyokaa muda mrefu ndani ya mwamba ndivyo yanavyozidi kuibeba, na ndiyo maana chemchemi mbili zilizo karibu zinaweza kutofautiana sana, moja ikafaa kwa kunywa na nyingine isifae. Mwanafunzi akilielewa hilo, ataacha kuamini kwamba maji maangavu ni lazima yawe salama.

Baada ya hapo swali la haki hujitokeza lenyewe. Kule Owino Uhuru, Mombasa, madini ya risasi yaliyochafua udongo yalitoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na wakazi waliweza kukishtaki. Mlima haushtakiwi. Hata hivyo, mabomba huchorewa njia na watu, bajeti hupangwa na watu, na hata kiwango kinachoitwa salama huwekwa na watu: Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, ilhali Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4 kabla ya kushusha kiwango chake. Waulizeni wanafunzi ni nani waliokunywa maji hayo katika miaka hiyo, na ni nani waliokuwa na uwezo wa kujenga tangi la mvua au kununua maji ya chupa. Jino huharibika likiwa bado linajengeka ndani ya fizi, hivyo mzigo huwaangukia watoto wadogo wasiochagua chochote, na mifupa huathirika kwa waliokunywa maji yenye floraidi nyingi kwa miaka mingi.

Kuhusu kazi ya kujitolea, sishauri ile ya kufagia soko mara moja na kupiga picha. Nendeni kwa serikali ya kijiji na jumuiya ya watumia maji kabla ya kuchukua hata chupa moja ya sampuli, mwaulize wao wanataka kujua nini. Mara nyingi jibu huwa jepesi na la maana sana: chanzo kipi kitumike kwa kunywa na kupikia, na kipi kibaki cha kufulia na kunyweshea mifugo. Wanafunzi wanaweza kuchora ramani ya vyanzo na kupima uchachu na chumvichumvi kwa vifaa vidogo. Floraidi yenyewe ipimwe maabara, kwa sampuli zilizohifadhiwa katika chupa safi za plastiki, kwa kuwa glasi inaweza kuathiri kipimo. Majibu yafike kwanza kwa wanaochota pale, kabla ya kubandikwa ubaoni shuleni.

Wafundisheni pia yale ambayo familia inaweza kuyafanya leo. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi, bali huiongeza katika kila lita kwa sababu maji hupungua. Dawa ya klorini nayo huua vijidudu tu. Magadi yanayowekwa kwenye maharage na makande yanaweza kuwa na floraidi nyingi, na jambo hili mlizungumze kwa heshima na akina mama, kwa kuwa magadi huokoa kuni na muda wa kupika. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri yana floraidi kidogo sana. Chujio la mkaa wa mifupa, yaani mifupa ya wanyama iliyochomwa, hufanya kazi, lakini mkaa huchoka na hubadilishwa, hivyo kabla ya kulipendekeza ulizeni nani atalipia mkaa mpya na iwapo wazee wa dini wanaridhia aina ya mifupa iliyotumika. Mradi usiojibu maswali hayo mawili huachwa mara mfadhili anapoondoka.

Katika kutoa alama, mimi huipa uzito mkubwa siku ya mkutano wa kijiji. Mwanafunzi aliyesoma haya kwa Kiingereza darasani asimame aeleze kwa Kiswahili, mbele ya bibi aliyechota mto uleule maisha yake yote, kwa nini kisima kirefu kinaweza kuwa na floraidi nyingi kuliko chemchemi ya juu, kisha ajibu maswali yake. Kabla ya kuondoka, kubalianeni na mwenyekiti tarehe mbili za kupima tena, moja baada ya masika na nyingine mwishoni mwa kiangazi, kwa kuwa kipimo cha msimu mmoja hakitoshi kukiamulia kijiji chanzo chake cha maji.