Wa kwanza ni Jeannette Rankin

Umeuliza kama Shirley Chisholm ndiye mwanamke wa kwanza kuingia Bunge la Marekani. Hapana, ndugu yangu. Chisholm alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza, alichaguliwa 1968. Wa kwanza kabisa ni Jeannette Rankin wa Montana, aliyeshinda Novemba 1916, wakati wanawake wa majimbo mengi bado hawaruhusiwi kupiga kura. Kwao Montana haki hiyo ilipatikana 1914, naye alikuwa mstari wa mbele kuipigania.

Mimi namheshimu hasa kwa msimamo wake. Aprili 1917 alikuwa miongoni mwa wabunge 50 waliokataa vita dhidi ya Ujerumani. Akatoka bungeni 1919, akarudi 1941. Desemba 8 mwaka huo, siku moja baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani, kura za kutangaza vita dhidi ya Japani zikawa 388 za kuunga mkono na 1 ya kupinga. Hiyo moja ni yake! Watu walimwandama kwa hasira hadi akajifungia kwenye kibanda cha simu, polisi ndio wakamtoa. Hakugombea muhula uliofuata. Lakini Januari 1968, akiwa na miaka 87, aliongoza maelfu ya wanawake kuandamana Washington kupinga vita vya Vietnam.