Barua kwa binti yangu: ubavu wa nusu dola

Binti yangu,

Marahaba, mama. Ujumbe wako niliusoma juzi nikitoka zamu ya usiku. Umeuliza kwa nini kati ya nusu dola tatu nilizokupa, mbili zina wekundu kidogo ubavuni, na kama bado kuna fedha, yaani ile madini nyeupe, kwenye sarafu za benki au wasakaji wenzangu wamekwisha kuimaliza.

Zote tatu zina fedha, usiwe na wasiwasi. Ile nyeupe ubavu mzima ni ya 1964: asilimia 90 fedha, iliyobaki shaba. Mpaka mwaka huo senti kumi, robo dola na nusu dola za Marekani zilitengenezwa hivyo. Bei ya fedha ilipopanda watu wakaanza kuzificha nyumbani, na Julai 1965 Rais Johnson akatia saini sheria iliyoiondoa fedha kabisa kwenye senti kumi na robo dola. Nusu dola ikapunguziwa tu. Za 1965 hadi 1970 zina asilimia 40, na hizo mbili zako za 1967 na 1968 ni za kundi hilo. Nje zimevikwa tabaka lenye fedha nyingi, ndani shaba imetawala, ndiyo maana wekundu wake umefifia. Zilizoanza kuzunguka 1971 zina mstari wa shaba unaoonekana wazi, na fedha hazina. Ukiwa na mzani mdogo, ya 1964 ina gramu 12.5, za asilimia 40 gramu 11.5, na hizi za sasa 11.34.

Kama zipo? Zipo, mwanangu, ila zinataka subira. Robo na senti kumi zimechujwa tangu kabla sijaingia nchi hii. Nusu dola watu hawazitumii dukani, kwa hiyo zinalala. Kibunda kimoja, yaani sarafu zilizofungwa pamoja kwa karatasi, kina 20, dola 10. Boksi zima ni vibunda 50, dola 500, na nimewahi kufungua boksi nisipate hata moja. Mimi navipenda vile vibunda vilivyofungwa kwa mkono na wateja, karatasi imekunjwa ovyo, maana huenda ni kopo la mzee fulani lililokaa kabatini miaka hamsini.

Ijumaa iliyopita nilifungua kimoja cha namna hiyo mezani jikoni. Sikuzigeuza moja moja. Nilizipanga mkononi kama mkate uliokatwa, nikautazama ubavu chini ya taa: mstari wa shaba, mstari wa shaba, mstari wa shaba, halafu katikati weupe mtupu. Moyo ulinidunda kama siku ya kwanza. Nikaidondosha kwenye kitambaa cha meza, nikaiokota, nikaigonga taratibu na mwenzake. Fedha inalia mlio mrefu, mwembamba. Ilikuwa nusu dola yenye sura ya Benjamin Franklin, 1952.

Jicho hili nilipewa na bibi yako. Kule Tanga alikuwa na shilingi za simba za wakati wa mkoloni, amezifunga kwenye pindo la kanga, na alizitenga za kabla ya 1947 kwa sababu zilikuwa na robo ya fedha. Hakusoma shule, lakini alizijua kwa mlio.

Senti tano za Marekani nazo usizipuuze. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia nikeli ilihitajika jeshini, wakatia fedha asilimia 35. Tazama upande wenye jumba la Monticello: juu ya kuba kuna herufi kubwa P, D au S, na mwaka ni 1942 hadi 1945. Nyingi zimepauka au zimekuwa nyeusi, na watu huzipita.

Nakuomba jambo moja kwa nguvu zote: usizisugue. Niliwahi kuisafisha moja ya 1917 kwa dawa ya meno. Iling'aa vizuri sana, na thamani yake kwa mkusanyaji ikaondoka na povu. Bado naihuzunikia.

Jumatatu usianze na boksi. Msalimie keshia, subiri foleni ipungue, muulize kama ana nusu dola zozote kwenye droo. Zisizo na fedha zirudishe benki nyingine, usimrudishie yeye mzigo. Ukipata nyeupe, nipigie hata kama nimelala.

Baba yako