Karani asiye na muhuri

Ghala ninalofanyia kazi hapa Mtwara lina mihuri mitatu, na hakuna hata mmoja unaolala kwenye droo yangu. Mimi ni karani wa mapokezi. Lori la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, likiingia na korosho, naandika namba ya gari, idadi ya magunia, uzito na unyevu, kisha karatasi inakwenda kwa msimamizi. Kupokea au kukataa ni juu yake. Wabeba magunia wana kiongozi wao, madereva wana matajiri wao, makatibu wa AMCOS wana bodi zao. Aliye chini yangu pale ni paka tu, naye haji nikimwita.

Naandika haya kwa ajili ya mdogo wangu, aliyeanza kazi ya ofisini Lindi mwaka huu. Kila Jumapili ananipigia: "Dada, nina mawazo mazuri lakini hawanisikilizi." Najua anachosema. Mimi mwenyewe msimu wangu wa kwanza nilitoka mikono mitupu.

Kilichokuwa kinaniuma ni foleni. Oktoba na Novemba malori hujipanga mpaka barabarani, na sehemu kubwa ya foleni ile ilikuwa ya kujitakia. Mzigo unashushwa wote, unapimwa, unyevu unakutwa umezidi asilimia 10, msimamizi anaukataa, magunia yanapandishwa tena garini kwenda kuanikwa upya. Gunia moja ni kama kilo 80. Hesabu mwenyewe migongo inayoumia hapo kwa bure.

Nikaandika tangazo zuri, lenye vipengele saba, nikalibandika mlangoni. Kipengele cha kwanza kilisema kila gari lipimwe kabla ya kushusha. Siku ya tatu nililikuta limefungiwa mihogo ya kukaanga. Nilikasirika, lakini siku hizi nikikumbuka nacheka. Nani aliniambia watu husoma karatasi isiyo na muhuri?

Kabla ya ukarani nilikuwa kibarua wa kushona magunia. Nilikuwepo msimu wa 2018, Serikali iliposema itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaja kusimamia ukusanyaji. Sijawahi kuona amri nzito kuliko ile. Hata hivyo gunia lilitoka garini vilevile, begani kwa mbebaji, kwa mwendo wake mbebaji. Ningekuwa na akili wakati ule, tangazo langu lisingeandikwa kamwe.

Msimu wa pili niliacha kuhubiri. Saa nne, wabebaji wakikaa chini ya mwembe kula ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, na chai, nami nikawa nakaa. Siku za mwanzo walinyamaza nikifika, wakidhani nimetumwa na ofisi. Sikuwa na ajenda, nilikula ming'oko tu. Wiki ya pili kiongozi wao, mzee wa Kimakua mwenye maneno machache, akaniambia jambo ambalo miezi yote ile sikulijua: wao hulipwa kwa gunia linaloingia ghalani. Mzigo ukikataliwa, kushusha na kupandisha upya ni sadaka.

"Sasa mzee, mbona mnashusha kabla haijapimwa?"

"Binti yangu, nani alituuliza?"

Hapo ndipo nilipofumbuka macho. Nilikuwa nawaona hawa ni kikwazo, kumbe hasara niliyokuwa naipigia kelele ilikuwa mifukoni mwao. Nikaanza kujiuliza swali hilohilo kwa kila mtu: mzigo ukikataliwa, huyu anapoteza nini? Dereva anapoteza safari nzima. Katibu wa AMCOS ana maumivu mawili. La kwanza ni gharama ya gari. La pili ni unyaufu. Korosho iliyoingia na unyevu huendelea kukauka humohumo ndani ya gunia, uzito unapungua, na kilo zilizopotea lazima ziwe na wa kuzijibu. Katibu anayesimama kwenye mkutano mkuu kueleza kilo zimekwenda wapi, mbele ya wakulima waliopalilia na kupuliza dawa ya salfa, hana usingizi. Usimwambie habari za foleni. Mwambie habari za unyaufu.

Nilianza na katibu mmoja tu, wa upande wa Tandahimba. Mzigo wake ulipokuja mbichi, sikutangaza mbele za watu. Nilimvuta pembeni nikamwonyesha usomaji wa kipimo, gunia kwa gunia, nikamwambia akitaka, kabla ya kupakia safari ijayo anipigie nimweleze namna ya kuchukua sampuli kwa bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchoma gunia na kutoa korosho kidogo, pande zote za shehena, siyo magunia ya juu peke yake. Alinipigia. Mzigo uliofuata ulipita. Makatibu wanaongea kuliko redio. Kabla Novemba haijaisha nilikuwa napigiwa na watu nisiowajua sura. Na pale getini, mzee wa Kimakua aliwaambia vijana wake wasiguse gunia mpaka dada wa mapokezi achome bambo. Sikumwomba.

Wakati huo nilikuwa naandika daftari langu: tarehe, gari, unyevu wa mlangoni, limepokelewa au limerudishwa. Kazi ya dakika mbili kwa kila lori. Mwisho wa msimu nilimpelekea msimamizi kurasa nne na pendekezo la kupima kabla ya kushusha, ofisini kwake, tukiwa wawili. Usimpelekee mkubwa wako jambo jipya kikaoni, mdogo wangu. Akishtukizwa mbele ya watu atalikataa hata kama ni zuri, kulinda heshima yake tu.

Alilipenda. Alilipenda mno, akaliwasilisha kwenye kikao cha wadau kama wazo lake, neno kwa neno, bila kunitaja. Nilikaa nyuma nikitafuna kalamu. Watakwambia ukubwa ni kuwaachia wengine sifa. Sikubali. Sifa moja unaweza kuisamehe, ukiachia ya pili umekuwa jamvi. Tangu siku hiyo, nikiwa na pendekezo, nampa kwa mdomo kwanza, halafu jioni naliandika kwa adabu kwenye kundi la WhatsApp la ghala: "Kama tulivyoongea leo na bosi." Yeye hajavunjiwa heshima, na tarehe inabaki.

Jambo lililobaki ni gumu zaidi. Ukisikilizwa, utajaribiwa. Katibu mmoja niliyemsaidia sana alikuja na mzigo wa asilimia 11 na mfuko wa korosho zilizobanguliwa, "za watoto." Unyevu wenyewe umezidi kidogo tu, mtu ni rafiki, jua linazama. Niliandika 11, mfuko nikamrudishia. Hajanipigia tena, na nikikutana naye stendi ananisalimia kwa kidevu. Lakini nilijua wabebaji wanatazama. Ningeandika 10 siku ile, bambo langu lisingekuwa na kazi tena pale getini.

Mshahara wangu haujabadilika, nisikudanganye. Niliomba niangaliwe cheo, nikaambiwa nisubiri bajeti.

Sasa hivi nahangaika na maturubai. Mvua za Desemba zinakuta malori wazi foleni, na korosho iliyotoka kavu kijijini inaloa ikiwa mlangoni petu. Matajiri wa magari hawataki kununua, AMCOS wanasema si kazi yao. Jumamosi nina miadi ya chai na dereva mmoja wa Newala ambaye mwaka jana alirudishwa mara mbili. Bado sijui nitamwambia nini. Nitaanza kwa kumuuliza safari zile mbili zilimgharimu kiasi gani.